Swila, Kikopo cha Ugoro na Mtani Wangu Zuhura

Bwana asifiwe, Usoke! Asifiwe na waliokaa, asifiwe na waliosimama huko nje kwa kukosa benchi! Wazee wangu, shikamooni. Kwaya, nawasalimu. Na ninyi watoto mlioketi chini hapa mbele, nawaona. Wewe wa shati la njano unayemfinya mwenzako, nakuona pia! Ndugu zangu, mtu mwingine akisema "nakuona" ni maneno tu ya mdomoni. Mimi nikisema nakuona, huo ndio ushuhuda wangu, na ningeweza kukaa chini sasa hivi.

Lakini sikai! Mchungaji amenipa muda mfupi, na anatabasamu kwa sababu ananijua. Atanivumilia.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Mama Neema, mke wa Kulwa, mkamwana wa Mzee Mihayo yule pale mwenye koti. Kazi yangu ni tumbaku, kama ninyi nyote. Ila katika kazi hiyo Mungu alinipa kitu kimoja ambacho sikukiomba. Alinipa macho ya madaraja. Nipe fungu la majani makavu, nitakutengea hili rangi ya limau, hili rangi ya chungwa, hili limeungua kidogo kwenye ncha, hili lilivunwa bichi. Baba mkwe wangu ndiye aliyenifundisha, mwaka ule nilipoolewa. Alinikalisha mlangoni kwenye mwanga akaniambia mwanangu, jani haliangaliwi mara moja, geuza na mgongo. Na tangu hapo tumbaku ya ukoo mzima inapita mikononi mwangu kabla ya kwenda sokoni. Majirani nao huniita. Kwa macho haya Neema anasoma, na kwa macho haya tumeezeka bati. Kwa hiyo ndugu zangu, mkinisikia leo nalia kwa ajili ya macho, mjue sililii urembo!

Sasa niwaulize. Sisi watu wa tumbaku tunasema nini kuhusu nyoka? Semeni, msione haya. Tunasema nyoka hakai penye tumbaku! Tumelelewa hivyo. Tunamwaga ugoro kuzunguka nyumba, tunatupa vikonyo mlangoni, tunalala usingizi mzito. Kifutu akionekana shambani kwa jirani wa mahindi, tunamwonea huruma jirani. Koboko akisikika porini kwa warina asali, tunasema hao wamezoea. Nge, tandu, vyote ni vya watu wengine. Sisi tuna tumbaku!

Haleluya, nilikuja kujua.

Ilikuwa majira ya kukausha. Tuna mabani mawili ya kukaushia tumbaku pale nyumbani, yametazamana. Moja lilikuwa bado linawaka moto. La pili lilikuwa limeshaiva, na jioni Kulwa alizima moto, akaacha mlango wazi usiku kucha ili majani yanywe unyevu. Mnajua wenyewe, jani likiwa kavu mno linasagika mkononi, kwa hiyo unapakua alfajiri likiwa laini. Niliingia kabla jua halijatoka. Sikubeba tochi. Ya nini? Naingia kwenye bani langu mwenyewe, limejaa tumbaku mpaka darini!

Kulwa alikuwa juu anashusha vijiti vilivyotungwa majani, ananipa, mimi napokea na kupanga. Baadhi ya majani yalikuwa yameanguka chini, karibu na lile bomba la moshi linalopita sakafuni. Bomba lilikuwa bado lina uvuguvugu. Nikainama kuyaokota.

Kitu kikapuliza. Nikainua uso. Palikuwa na mwanga kidogo tu wa mlangoni, na katika mwanga ule nikaona shingo imetanuka, imesimama, inanitazama. Swila! Kabla sijasema "Yesu", alikwishanitemea. Macho yote mawili!

Ndugu zangu, mmewahi kupikicha macho mkiwa mmetoka kukata pilipili? Sasa chukua hiyo pilipili, itie moto, halafu uambiwe usipikiche. Nilipiga yowe ambalo nadhani kondakta wa treni alilisikia. Nilitoka nje kwa kutambaa, nikagonga kichwa kwenye fremu ya mlango, nikaanguka uwanjani. Nilifumbua macho, nikaona ukungu. Nikafumbua tena, ukungu umekuwa mzito. Nikapiga kelele, "Kulwa, sioni! Kulwa, nimekuwa kipofu!" Swila mwenyewe, kwa taarifa yenu, alitoka kwa mlango uleule akaenda zake. Wala hakupiga chafya kwa ajili ya tumbaku yetu!

Hapo sasa nimtaje mtani wangu.

Jirani yetu ni Zuhura, Mama Shabani, Mzaramo. Mumewe anafanya kazi ya reli hapa stesheni. Zuhura anakaanga vitumbua, na kila alfajiri huja kwenye bani letu linalowaka kuchota makaa kwa ajili ya jiko lake. Haombi. Anachota tu! Ukimuuliza anasema huo ni ushuru, kwamba babu zetu Wanyamwezi walipokwenda pwani na mizigo vichwani walikula mihogo ya babu zake wakaondoka bila kuaga. Mimi namjibu kwamba babu zake walikuwa wavivu, wanakaa kivulini kungoja watu wa bara wawaletee kila kitu. Ndivyo tulivyo. Kila siku ya Mungu, tunatukanana mpaka wapita njia wageni wanasimama kuamua ugomvi. Wenyeji wanapita tu, wanajua ni utani.

Basi alfajiri ile Zuhura alikuwa palepale, kwenye tanuri la bani jingine, mtoto mgongoni, anachota ushuru wake. Akanisikia nalia sioni, sioni. Mnajua alifanya nini? Alicheka! Akasema, "Leo Mnyamwezi ameamka na maigizo! Jana nyoka wa kamba, leo upofu!" Maana siku iliyotangulia nilikuwa nimemtupia kipande cha kamba ya katani miguuni akaruka na karai lake. Alidhani naendeleza mchezo. Ndugu zangu, nilikuwa nakufa macho, na mtu aliye karibu yangu kuliko wote anacheka.

Kulwa alishuka toka juu ya vijiti, nikamsikia anaanguka na mzigo. Na baba mkwe akatoka nyumbani. Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo palipokuwa na shimo langu.

Baba yangu Mihayo ananipenda. Naomba mtu asitoke hapa akasema vinginevyo. Aliponiona chini alikuja mbio, miguu yake niliisikia. Akasema, "Swila huyo! Mshikeni mikono asijikune!" Halafu nikasikia kikopo kinafunguliwa. Wote tunakijua kikopo kile cha ugoro, hakimtoki mfukoni. Nikasikia anamwambia Kulwa amletee maji kidogo tu ya kukorogea. Maana baba maisha yake yote amewatibu ndama kwa maji ya ugoro. Kidonda chenye funza, ugoro. Kupe sikioni, ugoro. Na anaamini kwa moyo wake wote kwamba nyoka anaishindwa tumbaku, kwa hiyo na sumu ya nyoka itaishindwa. Alikuwa anataka kunikamulia maji ya ugoro machoni!

Nilijua yataniunguza. Sijui nilijuaje, lakini macho yenyewe yalikuwa yanakataa. Ila mimi ni mkamwana! Nitamwambiaje baba mkwe "hapana"? Tangu niolewe sijawahi kumpinga neno, sijawahi kula mezani naye, na leo nimsukume mkono? Kulwa ni mwanawe, naye akasema, "Baba, labda..." Baba akamkata, "Labda nini? Nimezaliwa jana?" Kulwa akaleta tone la maji lililobaki mtungini. Majirani walishaanza kukusanyika, hakuna aliyethubutu. Mzee Mihayo akisema, nani wa ukoo huu atasema juu yake?

Nikahisi kiganja chake kwenye paji la uso wangu, kinanifungua jicho kwa upole kabisa. Nikasikia harufu ya ugoro uliolowa. Nikaomba moyoni maneno mawili tu, maana sikuwa na nafasi ya mengine. Nikasema, "Bwana, zuia."

Bwana akazuia! Kanisa, Bwana akazuia kwa mdomo wa Mzaramo!

Zuhura alikuwa amesogea. Aliona povu na machozi, akajua si mchezo. Nikasikia kikopo kinaruka, kinagonga ukuta wa bani, kinalia kama kengele! Na sauti yake juu ya vichwa vya watu wote: "We Mnyamwezi mbeba mizigo, koma! Babu yako alibeba meno ya tembo mpaka Bagamoyo bila kuyapasua, wewe umepewa macho mawili ya mtoto wa watu unataka kuyapasua uwanjani kwako? Ugoro wako kawanusishe mbuzi!"

Angesema mtu mwingine yeyote maneno yale, pangeitishwa kikao cha ukoo! Lakini mtani akikutukana, utamshtaki wapi? Baba alisimama na mkono mtupu, akasema tu, "Huyu mwanamke..." Akaishia hapo. Utani ulioanzia kwenye njia ile ya misafara, waliouanzisha wakiwa wanagombania maji na mihogo, ulikuwa unanilinda mimi. Mungu aliutunza miaka yote hiyo kwa ajili ya alfajiri yangu moja! Mniambie nisirukeruke?

Zuhura akauliza maji yako wapi. Ndoo iliyokuwa pale bani ni ile tuliyokorogea dawa ya wadudu, haifai hata kunawia miguu. Maji ya kunywa yalikuwa yameisha usiku, tone la mwisho limeingia kwenye ugoro, na kisima kiko ng'ambo ya reli. Kulwa akatimka mbio na dumu. Zuhura hakungoja. Alimtoa Shabani mgongoni, akampa mwanamke mmoja, akapiga magoti, akakiweka kichwa changu mapajani. Akawaambia wanaume, "Geukeni huko mfumbe macho! Kipofu mmoja anatosha!" Kisha akanikamulia maziwa yake machoni, jicho la kulia, jicho la kushoto, bila kuacha. Alikuwa ananiambia, "Fumbua. Fumbua, mtani. Nikisema fumbua ufumbue, usinifanye nipoteze kifungua kinywa cha mwanangu." Na huku analia! Nilisikia machozi yake yananidondokea shavuni, ya moto, na bado anatukana. Shabani naye analia njaa kule pembeni. Yale maziwa yalikuwa yake, ndugu zangu. Niliyanywa kwa macho.

Kulwa akarudi na dumu, wakaniosha kwa maji, tena na tena, likaisha wakafuata jingine. Ndipo wakanipakia kwenye pikipiki, Zuhura nyuma amenishika, anaendelea kunimwagia maji ya chupa njiani mpaka dereva alilowa mgongo. Kituo cha afya walinisafisha, wakanielekeza hospitali ya Tabora mjini.

Huko nilifungwa bandeji macho yote mawili. Daktari aliongea nami vizuri. Alisema kilichonisaidia ni kuoshwa mapema na kwa wingi. Alisema siku nyingine tukiwa na maji safi tutumie maji, maana ndiyo bora, ila kwa kuwa maji hayakuwepo yule dada alifanya la maana. Na akasema ungeingia ugoro, wangekuwa wanatibu majeraha mawili badala ya moja. Nikamuuliza, "Nitaona?" Akasema, "Tungoje tufungue." Hakuniahidi.

Giza lile! Niliwaza Neema, uso wake umeanza kufanana na wa mama yangu, na sijamwangalia vya kutosha. Niliwaza majani. Nilijaribu kukumbuka rangi ya limau nikiwa nimelala pale, ikawa inanikimbia. Hapo niliogopa kweli. Nikaanza kumwomba Mungu, nikasema, Bwana, nirudishie hata jicho moja, moja tu la kuchagulia majani. Halafu nikajishika. Kwa nini namwomba Mungu nusu, kana kwamba ananipimia sukari dukani? Nikasema, Bwana, nataka yote mawili! Mama wa kitanda cha pili akaitikia amina, na mimi nilidhani naomba kimoyomoyo.

Siku ya kufungua, Zuhura alikuja kwa treni na vitumbua na mwanawe. Kulwa alikuwepo. Na baba mkwe alikuja. Tangu siku ile alikuwa hajaongea na mtu vizuri, Kulwa aliniambia hata ugoro hanusi. Alikaa mwisho wa kitanda, nasikia anavyopumua.

Nesi akafungua bandeji taratibu. Akaniambia fumbua. Nikafumbua. Kwanza mwanga, mkali, ukanichoma. Halafu ukungu. Moyo ukanishuka, nikasema ni ule ule. Nikapepesa. Ukungu ukaanza kukatika vipandevipande, nikaona kitu cha bluu, nikaona kitu cheupe, lakini sura sizioni. Hata Zuhura, yule Zuhura, alisahau kunitukana!

Ndipo baba akasimama. Akaingiza mkono kwenye koti, lile lile alilovaa leo, akatoa kitu alichokifunga kwenye gazeti. Akakifungua mbele ya uso wangu. Nilinusa kabla sijaona. Lilikuwa jani, kutoka bani lile lile. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, hili daraja gani?"

Nikalishika. Nikalisogeza dirishani. Nikapepesa, nikangoja. Na rangi ikaja, ndugu zangu! Ikaja polepole, ikajaa! Nikasema, "Limau, baba." Kisha nikakumbuka alivyonifundisha, nikaligeuza mgongo. Nikasema, "Lakini lina doa hapa pembeni. Lishushe daraja."

Mzee Mihayo akakaa chini akalia. Alilia kama sijawahi kumwona mwanamume analia, akasema, "Lina doa, ni kweli lina doa, nililiona." Na mimi nikamwona. Nikaona mvi zake, nikaona makunyanzi, nikaona machozi yanaingia kwenye ndevu. Nikaona kila kitu! Nesi alijaribu kuzituliza kelele zetu akashindwa, akacheka naye.

Baba amekubali niseme haya yote. Alisema, "Sema, ila useme pia kwamba nilimpa Mzaramo jogoo." Kweli alimpa! Zuhura alidai jogoo kwa kumchosha koo siku ile, akapewa yule mwekundu mkubwa. Na leo mlangoni kwa kila bani letu pana ndoo ya maji safi yenye mfuniko, na tochi imetundikwa. Nendeni mkafanye hivyo hivyo. Msiniambie nyoka hakai penye tumbaku! Mwamini Bwana na ubebe tochi.

Ndugu yangu, uko hapa na giza lako. Labda si la swila. Labda anayetaka kukutia ugoro ni mtu anayekupenda kabisa, na huna mdomo wa kumkatalia. Mwite Bwana. Maneno mawili yanatosha, hata ukiwa chini uwanjani na kamasi zinakutoka. Na msaada wake ukija kwa mtu usiyemtarajia, wa dini nyingine, mwenye makaa ya kuchukua bila kuomba, anakutukana huku anakuponya, upokee! Usimchagulie Mungu mikono.

Namalizia, mchungaji, usiangalie saa. Tangu nitoke hospitali, kila alfajiri Zuhura akija kuchota makaa, kabla ya matusi yote, anasimama kwanza mlangoni kwa bani ananiuliza swali moja. Nilimwalika leo. Alisema, "Nitakuja, lakini nitakaa karibu na mlango, ukizidisha chumvi naondoka." Hajaondoka. Yuko pale benchi la mwisho, mtoto anayevuta mkufu wa jirani ndiye Shabani mwenyewe.

Mtani, simama. Simama bwana, usinifanyie haya leo, hujawahi kuwa na haya! Niulize mbele ya watu hawa kile unachoniuliza kila siku.

Mmemsikia? Anasema, "Mnyamwezi, unaniona?"

Nakuona, Zuhura! Umevaa khanga ya kijani yenye maua mekundu, na upindo wake umechanika kushoto. Nakuona!